Barua ya wazi kwa wakubwa wa shule: ile fomu ya ripoti ya kitabu, watoto wa madarasa ya chini muwaondolee

Wakubwa shikamooni. Naongea na nyie walimu wakuu, walimu wa taaluma, waratibu wa madarasa ya chini na yeyote yule anayekaa kwenye kikao akaamua mtoto akimaliza kusoma kitabu afanye nini. Mimi nafundisha darasa la pili. Najua mezani kwenu kuna mambo mengi kuliko ripoti za vitabu za watoto wa miaka 7, lakini naomba mnisome mpaka mwisho maana hiki kitu kinaonekana kidogo halafu ndo kinachoamua kama mtoto ataendelea kushika vitabu mwenyewe au atasubiri mpaka alazimishwe.

Ile fomu mnaijua. Jina la kitabu, jina la mwandishi, mhusika mkuu, mandhari, eleza kisa kwa ufupi, umejifunza nini, na chini kabisa sahihi ya mzazi. Ukiiangalia tu unajua ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wakubwa, mtu akapunguza mistari kidogo akaishusha kwa wadogo, tukaendelea nayo mwaka hadi mwaka bila kuuliza. Na majibu mnayajua pia kama mmewahi kushika hizo karatasi. "Kitabu ni kizuri. Nimekipenda. Nimejifunza tuwe na tabia njema." Kitabu cha paka, tuwe na tabia njema. Kitabu cha mvua, tuwe na tabia njema. Kuna mtoto wangu mmoja darasani alisoma kitabu cha mchwa, sio hadithi, kile cha picha na maelezo ya kweli, akafika kwenye mhusika mkuu akaandika "mchwa", kwenye mandhari akaandika "chini", halafu akaja kuniuliza mwalimu hapa kwenye nimejifunza nini niandike tabia gani. Mtoto huyohuyo muulize kwa mdomo, atakwambia mchwa wafanyakazi wengi hawaoni, atakwambia malkia kazi yake ni kutaga mayai tu, atakwambia kichuguu kina njia za kupitisha hewa, na ataongea mpaka kengele ilie. Fomu haikubeba hata moja katika hayo, imebeba "chini".

Sasa hapo tunapima nini jamani? Mtoto wa umri huu bado anapigana na herufi. Kuandika sentensi moja kwake ni kazi ya mwili mzima, ashike penseli, akumbuke hii herufi tumbo lake linaangalia upande gani, aache nafasi kati ya maneno, asitoke kwenye mstari, na akifika neno la nne ameshasahau alitaka kusema nini. Kwahiyo anafanya jambo la akili kabisa, anachagua sentensi anayoiweza kuiandika hata kama sio ile aliyonayo kichwani. Halafu sisi tunasoma ile sentensi fupi tunasema mtoto hajaelewa kitabu. Kumbe kaelewa, ila mkono haujafika.

Na kuna wa upande wa pili ambao fomu inawaficha. Watafiti wawili, Gough na Tunmer, mwaka 1986 walieleza kwamba kusoma kwa kuelewa ni kutambua maneno yaliyoandikwa mara kuelewa lugha yenyewe, na waliweka mara sio jumlisha kwa makusudi, yaani kimoja kikiwa sifuri basi jibu lote ni sifuri hata kile kingine kiwe kikubwa vipi. Kwenye lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, kama hii yetu, mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kukwama na asijue hata kimoja alichosoma. Huyo kwenye fomu anapeta. Anarudi kwenye kitabu ananakili sentensi ya kwanza na ya mwisho, mwandiko safi, anapata vyema tatu. Wa mchwa anapata "ongeza bidii".

Kwahiyo ndio, naomba watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu waruhusiwe kutoa ripoti kwa njia nyingine, kwa kuchora, kuigiza, kutengeneza vitu, kusimulia. Lakini msikimbilie kusema hilo tumeshafanya, wiki ya kusoma tulikuwa na maonyesho ya maboksi. Hapo ndo pana ugonjwa mwingine na ningependa tuuongelee vizuri.

Unatoka ujumbe kwenye grupu la wazazi, kila mtoto alete boksi la viatu lenye mandhari ya kitabu alichosoma, Jumatatu asubuhi. Jumatatu yanaingia maboksi ambayo hata mimi mwalimu siyawezi, miti ya sponji, taa zinawaka, maandishi yametoka kwenye printa, na mtoto amelibeba kama yai la mtu mwingine kwa sababu kaambiwa asiliguseguse. Unamuuliza huyu aliyesimama mlangoni ni nani, anakwambia sijui, baba ndo kamweka. Pembeni yuko aliyefanya mwenyewe, boksi limepinda, gundi imechuruzika mpaka nje, watu wake ni vijiti vyenye vichwa vya karatasi, na amelisukuma chini ya dawati asije akaulizwa. Halafu mnapita nyie wageni wa heshima mnampa zawadi baba. Sio kwamba wazazi wana nia mbaya, hapana, mzazi akipewa kazi ya Jumatatu usiku wa Jumapili na anajua itapangwa mezani pamoja na za wenzake unategemea afanye nini? Tatizo ni sisi tuliotoa kazi ya mtoto tukaipeleka mahali ambapo mtoto hatoifanya.

Mimi nina swali moja tu ninalotumia kuchuja hizi projekti. Je, mtu ambaye hajasoma kitabu, kaangalia jalada tu, anaweza kutengeneza hiki kitu? Kama anaweza, hiyo ni kazi ya mikono, nzuri, ila sio ripoti ya kitabu. Mabango ya kutangaza kitabu mengi yanaanguka hapa. Alama za kuwekea kurasa zinaanguka. Kuchora jalada jipya kunaanguka pia, labda umlazimishe achore kitu ambacho kipo katikati ya kitabu na hakipo kwenye jalada la zamani, hapo angalau. Hata lile boksi la viatu linapita mtihani ukibadilisha swali: usimwambie atengeneze mandhari ya kitabu, mwambie atengeneze sehemu ambapo mambo yalibadilika, halafu akueleze kabla ya pale ilikuwaje na baada ya pale ikawaje. Boksi lilelile, ila sasa baba hawezi kulifanya bila kusoma na mtoto hawezi kulieleza bila kuelewa.

Ninayoipenda kuliko zote ni karatasi ya milango mitatu, na haihitaji chochote. Unakunja karatasi katikati kwa urefu, ule upande wa juu unaukata mara mbili mpaka kwenye mkunjo, unapata milango mitatu ya kufungua. Juu ya milango wanaandika mwanzo, katikati, mwisho. Ukifungua mlango ndani kuna picha na chini ya picha sentensi moja, moja tu, na kwa darasa la kwanza sentensi anaisema yeye mwalimu anaiandika kama alivyoisema bila kumnyoosha. Karatasi zilizotumika upande mmoja zinatosha kabisa. Mwanzo na mwisho watoto wengi wanaviweza, mlango wa katikati ndo kipimo, pale ndo unajua nani kashika kwamba kulikuwa na shida inayotafutiwa ufumbuzi na nani kabeba picha mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Tulisoma kitabu cha mtoto aliyepoteza kiatu, mmoja akaacha katikati patupu, nikamuuliza vipi, akasema mwalimu hapa anatafuta, sasa kutafuta nakuchoraje? Nikamwacha. Nilivyorudi alikuwa kachora nyayo zimezunguka karatasi nzima, moja ya kiatu, moja ya mguu mtupu wenye vidole vitano, moja ya kiatu, moja ya mguu mtupu. Hebu niambieni kwenye fomu ile angeandika wapi hicho kitu.

Nyingine ni kiti cha mhusika. Mtoto mmoja anakaa mbele, yeye sasa ndo fisi au ndo yule dada wa kwenye kitabu, wenzake wanamuuliza maswali. Sio maswali ya "uliishi wapi", hayo ya kuchosha, wenyewe watoto wanauliza "kwa nini ulidanganya" na "ulijisikiaje walivyokukimbia". Jibu halijaandikwa popote kwenye kitabu, inabidi alitoe kwenye yale yaliyoandikwa, na hilo ndo jambo gumu kuliko yote kwenye ufahamu, tunalitafuta kwa wanafunzi wa madarasa ya juu hatulioni kumbe lingeanzia hapa. Faida ya pili, wale waliouliza wanagombania kitabu mwisho wa kipindi.

Kwa watoto wenye aibu, na wale wanaopata kigugumizi, ipo soksi. Soksi kuukuu iliyochorwa macho, inavaliwa mkononi, soksi ndo inasimulia. Sijui kwa nini inafanya kazi, lakini mtoto ambaye hajawahi kuniambia zaidi ya "ndiyo mwalimu" nikimpa soksi anaongea sentensi nane mfululizo, labda kwa sababu wote tunaangalia soksi hatumwangalii yeye.

Kuna pia kusoma kwa kuigiza, na hapa naomba mnielewe sio maigizo ya mahafali yenye mavazi na kukariri. Kisa kinagawanywa kwa wasomaji wanne watano, mmoja msimulizi wengine wahusika, kila mtu ana karatasi yake mkononi na anasoma, hakuna kukariri. Ili isomeke vizuri mbele ya wenzake inabidi warudie, na kurudia ndo siri yenyewe. Mtafiti mmoja, Samuels, aliandika mwaka 1979 kuhusu kumrudisha mtoto kwenye kifungu kilekile mpaka akisome kwa wepesi, na lile jopo la kitaifa la Marekani kuhusu usomaji kwenye ripoti yake ya mwaka 2000 likaunga mkono kusoma kwa sauti kwa kurudia huku mtu anamwongoza mtoto, likauweka ufasaha wa kusoma pamoja na sauti za lugha, herufi na sauti zake, msamiati na ufahamu kama nguzo za kufundisha kusoma. Sasa mwambie mtoto wa miaka 7 arudie ukurasa mara nne hivihivi, atalia. Mwambie ndo yeye simba na Ijumaa wanasoma mbele ya darasa la kwanza, atarudia mara kumi bila kuambiwa.

Darasa la tatu waanze kuandika zaidi, sipingi kuandika. Aandike barua kwa mhusika, amshauri au amgombeze. Asimamishe kisa pale mtu anapofanya uamuzi, aandike ingekuwaje kama angeamua vingine. Kitabu cha maelezo ya kweli apewe swali lake tofauti, vitu vitatu ulivyovijua na swali moja ambalo kitabu hakijakujibu, basi, hakuna mhusika mkuu wala tabia njema. Na mtoto ambaye bado hajaweza kusoma mwenyewe, asomewe kitabu kisha atoe ripoti ya alichosomewa, kwa nini asitoe? Nusu moja ya ile hesabu ya mara, yaani kuelewa lugha, anayo, tuifanyie kazi wakati ile nyingine inakuja. Tukimwachia kazi ya kupaka rangi wakati wenzake wanaongea kuhusu vitabu tunampotezea zote mbili.

Sasa zawadi. Najua mnazipenda na mnazitoa kwa moyo mzuri, vyeti, nyota, chati ukutani ya nani kasoma vitabu vingi. Mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wadogo wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine wakaahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora, wengine wakachora wakapewa cheti bila kuahidiwa, wengine hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zikawekwa darasani mtu achore akitaka, hakuna kulazimishwa wala ahadi, wale walioahidiwa cheti wakachora kwa muda kama nusu ya wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakuharibika, kwahiyo tatizo halikuwa cheti, lilikuwa ile ahadi, ile "fanya upate". Na mtoto wa ile chati ya ukutani mnamjua anafanya nini, anachagua vitabu vyembamba. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Najua mtaniuliza ushahidi uko wapi, mkaguzi akija tumwonyeshe nini, soksi? Hili ni swali la haki, sio la kubeza, maana faili zinakaguliwa kweli. Ushahidi upo na ni mzuri kuliko fomu. Mwalimu anakuwa na daftari moja, kila mtoto ana ukurasa wake, mtoto anaposimulia mwalimu anaandika tarehe, kitabu, halafu mambo manne kwa kifupi: kataja nani, kaeleza nini kilitokea kwa mpangilio au karukaruka, kasema kwa nini kilitokea au hajasema, na maoni yake kayatolea sababu kutoka kwenye kitabu au ni "nzuri" tu. Pembeni anaandika sentensi moja ya mtoto neno kwa neno. Karatasi ya milango mitatu inabandikwa hapohapo. Mkaguzi akifungua ukurasa wa mtoto wa mwezi wa pili akalinganisha na wa mwezi wa kumi anaona mtoto alikotoka, kitu ambacho "kitabu ni kizuri nimekipenda" haikiwezi hata ukusanye kilo kumi. Uzuri wa mchoro usipewe maki kabisa, asiyejua kuchora asifeli kusoma.

Na madarasa makubwa? Nimekaa nayo, najua. Lakini pigeni hesabu, watoto 40, wanne kwa siku, dakika tatu kila mmoja, ni dakika 12 za siku, na baada ya siku kumi za shule darasa lote limesikilizwa. Wengine wakati huo wanasoma kimya au wanakunja karatasi zao. Kusahihisha fomu 40 za mwandiko wa darasa la pili kunachukua zaidi ya hapo, na unaishia kukisia herufi. Tena sio lazima iwe kila wiki. Ripoti moja kwa mwezi inatosha sana kwa hawa wadogo, vitabu vingine vyote asome, afunge, aende zake akacheze. Kitabu kikiwa kila mara kinafuatwa na kazi, mtoto anajifunza kwamba kumaliza kitabu ni kujitafutia kazi.

Kwahiyo ninachoomba kwenu ni vitu ambavyo mna uwezo navyo leo. Fomu ifutwe kwa madarasa matatu ya chini, kwa maandishi, kwa sababu mkisema kwa mdomo mwalimu mwoga ataendelea nayo ajilinde. Projekti ya kitabu ifanyike shuleni ndani ya kipindi, mkasi na gundi vikae darasani, na kwenda nyumbani kwa mzazi kuende kitabu tu cha kusoma pamoja. Mtoto achague mwenyewe kitabu, na achague njia katika mbili au tatu ambazo mwalimu kaweka, sio kumi na tano maana hapo atakaa anashangaa. Maonyesho yabaki kama mnayapenda, lakini bila mshindi, na mtoto asimame pembeni ya kitu chake wageni wamuulize yeye. Nyie wageni pia mje na muda wa kumsikiliza, sio kupita mnapiga picha.

Na kama bado mna wasiwasi basi msibadilishe shule nzima, toeni ruhusa kwa darasa moja au mawili kwa muhula mmoja, mwisho wa muhula mje wenyewe mchague watoto watano msiowajua, muwaulize kuhusu kitabu walichosoma, halafu mfanye hivyohivyo kwenye darasa lenye fomu. Mkiona hakuna tofauti nitachukua rundo la fomu na kulisahihisha bila kulalamika. Kikao cha kupanga muhula ujao kikikaa naomba hili liwekwe kwenye ajenda mapema, sio kwenye mengineyo saa watu wameshashika mikoba, na aitwe mwalimu wa darasa la kwanza aongee, maana kwenye vikao vya mambo haya huwa haitwi.